Kifutu: Nyoka Mmoja, Majina Mengi

Mtu akiumwa na nyoka, jambo ambalo daktari hupenda kujua mapema ni hili: alikuwa nyoka gani? Hapo ndipo watu hupotezana. Katika skimu wamekusanyika wakulima kutoka pande nyingi, na kila mmoja amekuja na jina la kwao. Huyu asema kifutu, jirani yake asema bafe, mwingine asema moma. Wote watatu wamemtaja nyoka mmoja. Tena yuko yule ambaye kila nyoka mnene mwenye mabaka kwake ni chatu, na chatu hana sumu.

Wataalamu humwita kifutu kwa jina la Kilatini, Bitis arietans, na jina hilo ni lile lile Kitale na Cape Town. Bitis ni kama jina la ukoo. Yule mwenye pembe puani akaaye msitu wa Kakamega ni ndugu yake, naye huitwa Bitis nasicornis. Neno arietans alipewa na Mjerumani Blasius Merrem mwaka 1820, na maana yake ni apigaye kwa nguvu kama kondoo dume. Aliyewahi kumwona kifutu akiruka kuuma hatabisha.

Lakini hatukuambii ukariri Kilatini. Mweleze daktari umbo la nyoka. Kifutu ni mfupi na mnene, kwa kawaida hafiki mbali zaidi ya mita moja. Kichwa chake ni kipana, shingo nyembamba, na mgongoni ana alama zilizopangwa kama herufi V. Akikasirika hufura na kuvuma kwa pumzi. Swila ni mwembamba zaidi, huinua shingo na kuitanua, na wako watemao sumu machoni.

Kifutu hakimbii mtu. Hulala kimya akiamini kwamba rangi yake yamficha, na ndiyo sababu hukanyagwa. Hufuata panya, na panya hufuata mahindi yako. Hatagi, huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40. Mmoja aliyetoka Kenya, katika bustani ya wanyama nchini Czech, alizaa 156!

Sumu yake huharibu nyama ya mwili. Mahali palipoumwa huuma sana, huvimba upesi, hutoa malengelenge, na nyama yaweza kuoza. Kwa hiyo usifunge kamba ya kukaza, maana huzidisha madhara hayo. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, wala usipoteze saa kwa jiwe jeusi. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Funga kijiti kando ya mguu au mkono usitikisike, kisha mgonjwa abebwe hospitali; asitembee. Dawa ya kupinga sumu hutengenezwa kwa damu ya farasi na yaweza kumdhuru mgonjwa, hivyo hutolewa na mganga wa hospitali tu.

Usimfukuze nyoka ili umpeleke. Hata kichwa kilichokatwa chaweza kuuma.

Ondoa marundo ya mabua karibu na nyumba, vaa viatu vya mpira wakati wa kupalilia, na usiku usiende chooni bila tochi, kwa kuwa hiyo ndiyo saa yake ya kutembea.