Tazama saa kabla ya kuamini kioo

Ndugu mfanyakazi,

Mbingu imekuwa nyeusi, lakini ukurasa wa ndani wa kampuni unasema hakuna radi. Utaendelea na kazi?

Habari za mvua na radi hazitoki kwetu. Ukurasa unapeleka swali nje, kwa njia inayoitwa API, ukitaja mahali petu. Jibu linarudi na kuandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Shika mambo matatu:

1. Mtandao ukikatika, jibu la zamani laweza kubaki kwenye kioo. Tazama kwanza tarehe na saa.

2. Open-Meteo, inayotoa habari za namna hiyo, hujibu kwa saa ya GMT isipoombwa nyingine. Ikiandikwa 12:00, Lubumbashi ni 14:00.

3. Jibu ni hesabu ya eneo zima, si kipimo cha kariere yako.

Kwa hiyo, ukisikia ngurumo usingoje kioo. Ingia ndani ya nyumba au gari lenye paa la chuma, ukae humo mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Nanyi wamama, fundisheni watoto: chini ya mti si mahali pa kujificha.

Kioo chaweza kuchelewa. Radi haingoji.