Kichujio cha nyumbani na dawa za shambani

SWALI: Daktari, hapa Bulla Iftin tunaletewa maji ya Tana kwa mkokoteni wa punda. Wakulima wa nyanya hupuliza dawa hadi ukingoni mwa mto. Nimenunua kichujio cha utando, na muuzaji ameniapia kinaondoa kila kitu. Nimwamini? – Mama wa watoto wanne, Garissa

JIBU: Hapana, mama. Kichujio chako usikiache, maana kinazuia bakteria, na Garissa kipindupindu tunakijua. Lakini vitundu vya utando wa aina hiyo huwa na upana wa karibu mikroni 0.1, na molekuli ya dawa iliyoyeyuka ni ndogo kuliko hapo takriban mara mia. Inapita pamoja na maji. Klorini na kuchemsha ni vya kuua vijidudu. Ukichemsha, maji yanapungua na dawa nyingi inabaki sufuriani.

Kuna dawa zinazong'ang'ania udongo, hasa za jamii ya pareto ya viwandani. Kwa hizo, kutuliza maji kwa shabu kisha kuyachuja kunapunguza kiasi fulani. Zilizoyeyuka zinahitaji utando mwembamba zaidi, wa nano au wa mashine ya RO (osmosisi kinyume), ambamo maji husukumwa kwa nguvu. Huko Méry-sur-Oise, karibu na Paris, maji ya mto yanachujwa kwa utando wa nano tangu 1999, kusudi hasa kuondoa dawa za mashamba.

Sisi RO tunaijua kwa visima vya maji ya chumvi. Ya nyumbani sikushauri: inataka umeme, inamwaga maji mengi, na tope la Tana huiziba upesi. Afadhali kibanda cha mtaa chenye RO na kichujio cha mkaa maalumu, si huu wa jikoni. Muulize mwenye kibanda alibadilisha utando na mkaa lini. Akikuonyesha kipimo cha TDS, ujue hicho kinapima chumvi, hakipimi dawa. Mabaki ya dawa hupimwa maabara, kama ile ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, huko Nairobi, na hilo kamati ya maji ya mtaa idai kwa kaunti. Familia moja isibebeshwe gharama hiyo.

Lililo mkononi mwako leo ni mtungi. Mwulize mwenye punda mitungi yake ilibeba nini kabla ya maji. Uliowahi kubeba dawa hausafishiki kwa sabuni wala mchanga. Mkulima ausuuze mara tatu, maji hayo ayarudishe kwenye pampu ya kupulizia, kisha autoboe usitumike tena.