Kompyuta ya Kikundi Inanguruma: Tufanyeje?

Somo letu la leo linahusu kelele. Si kelele za matatu wala za mashine ya kusaga posho, bali za kompyuta ya kikundi.

Vikundi vingi vya kujisaidia vina kompyuta moja ya mezani, na mara nyingi imetumika kwingine kabla ya kutufikia. Hilo si la kuonea aibu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza 2002, limepeleka shuleni kompyuta nyingi zilizokwisha tumika na kukarabatiwa, na watoto wamejifunza nazo vizuri. Lakini kompyuta za miaka hiyo kwa kawaida zina hadidiski ya kuzunguka, na hadidiski ya kuzunguka hunguruma.

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama kinakutana kusoma hisa na mikopo ya mwezi. Katibu anawasha kompyuta iliyo juu ya rafu ya bati. Mara, "nguuuu!" Walioketi nyuma hawasikii kitu. Mmoja anasema, "Mama katibu, hebu zima hiyo mashine tuongee." Inazimwa. Sasa wanategemea kumbukumbu ya kichwa, na ugomvi unaanza: huyu asema amelipa, yule asema hajalipa. Kumbe kompyuta yenyewe haina ubaya. Taabu yote ni rafu ya bati na skrubu nne zilizolegea.

Kelele inatoka wapi?

Ndani ya hadidiski mna sahani nyembamba zinazozunguka. Hadidiski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Gawanya kwa 60: ni mara 90 au 120 kila sekunde! Hakuna gurudumu lililo sawa kabisa pande zote, basi kila mzunguko hutikisa hadidiski kidogo. Mtikisiko huo hupita kwenye skrubu, ukaingia katika sanduku la kompyuta, lile ambalo wengi huliita sipiyu. Ubavu wa sanduku ni bati pana, nao hulia kama ngoma.

Hebu fanyeni jaribio hili mkutanoni. Wekeni simu iwe ya kutetema bila mlio, muilaze juu ya meza ya mbao, kisha mwenzenu aipigie. Meza nzima inanguruma. Sasa ilazeni juu ya leso iliyokunjwa mara nne, aipigie tena. Simu inatetema vilevile, lakini kelele imepungua. Hilo ndilo somo lote: hatuwezi kuzuia sahani zisizunguke, ila tunaweza kuzuia mtetemo usifike kwenye bati. Fundi wa magari anajua jambo hili. Hafungi injini chuma kwa chuma. Huweka raba katikati.

Kwanza sikiliza, usinyamazishe

Kabla ya kushika bisibisi, sikiliza ni sauti gani.

Mngurumo wa sauti moja, usiobadilika, na unaopungua unapokandamiza ubavu wa sanduku kwa kiganja: huo ni mtetemo wa kawaida. Unatibika.

Sauti kama ya upepo: hiyo kwa kawaida ni feni. Pengine imejaa vumbi. Zima kompyuta, chomoa waya, safisha kwa brashi laini.

Sauti ya "tak, tak, tak" inayojirudia, au ya kukwaruza, au hadidiski inaanza kuzunguka kisha inakata: hiyo ni hatari. Hadidiski inakufa. Hapo raba haisaidii chochote. Ikiwa mafaili bado yanafunguka, nakili vitabu vya kikundi kwenye flashi mara moja, kisha uzime. Ikiwa hayafunguki, usiwashe na kuzima mara kwa mara kujaribu bahati. Wala usiigonge. Ipeleke kwa fundi.

Kwa nini tunatia mkazo hapa? Kwa sababu kelele mpya ni kama kikohozi cha mtoto: inakueleza jambo. Mtu akiifunika kwa sponji asiisikie tena, siku moja atawasha kompyuta na kukuta hisa za wanachama, mikopo, na faini zote zimepotea. Kompyuta hununuliwa nyingine. Imani ya wanachama haiuzwi dukani.

Hatua za kufuata

1. Nakili vitabu vyote vya kikundi kwenye flashi. Ifungue flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe mafaili yanasomeka. Daftari la karatasi lisitupwe.

2. Zima kompyuta kwa njia ya kawaida, kisha chomoa waya wa stima. Ngoja dakika moja sahani zisimame. Usisogeze wala kuinamisha sanduku likiwa linafanya kazi. Kichwa kinachosoma sahani huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu.

3. Anza na kisicho na gharama. Ondoa sanduku kwenye rafu ya bati, uliweke juu ya meza nzito ya mbao au sakafuni juu ya ubao. Kata vipande vinne vya patipati kuukuu, uviweke chini ya pembe zake. Washa, usikilize. Mara nyingi kazi huishia hapa.

4. Kelele ikibaki, zima na kuchomoa waya tena. Kaza skrubu za kifuniko cha ubavuni. Kama kifuniko kinacheza, bandika ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli pale kinapokutana na sanduku.

5. Ikibaki bado, fungua kifuniko. Shika kwanza chuma cha sanduku ili umeme mdogo wa mwilini utoke. Angalia skrubu za hadidiski. Kuna zilizolegea? Zikaze, lakini si kwa nguvu zote.

6. Mwisho ni raba. Toa hadidiski taratibu, ukikumbuka kila waya ulikuwa wapi. Kata tyubu ya baiskeli vipande vidogo vya duara, utoboe tundu katikati ya kila kimoja. Kila skrubu inahitaji viwili: kimoja kati ya hadidiski na bati linaloishika, na kimoja kati ya bati hilo na kichwa cha skrubu. Ukiweka kimoja tu, mtetemo utapita kwenye skrubu yenyewe. Kaza mpaka raba ianze kubonyea, kisha acha. Ukikaza mno, raba inakuwa kama chuma.

Kama nafasi ni finyu na raba haiingii, usilazimishe. Rudisha kama ilivyokuwa na umwite fundi.

Makosa ya kuepuka

Usiifunike hadidiski kwa sponji au kitambaa. Inapata joto ikifanya kazi, na chuma cha sanduku huisaidia kupoa. Raba hupunguza msaada huo kidogo, kwa hiyo acha pande zake wazi hewa ipite. Baada ya saa moja ya kazi, zima, chomoa waya, kisha uishike mara moja. Ikiwa ni moto kiasi cha kushindwa kuishikilia, ondoa raba.

Usitumie skrubu inayoingia ndani kuliko ile ya kwanza. Inaweza kuharibu vyombo vya ndani.

Usizibe kijitundu kidogo kilicho kwenye hadidiski. Ni cha kupumulia, kwa maana kichwa kinaelea juu ya hewa. Wengine huuliza kama hewa nyepesi ya huku kwetu inaleta shida. Hapana. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hadidiski za kawaida zimetengenezwa kufanya kazi hadi karibu mita 3,000.

Na kamwe usifungue hadidiski yenyewe. Vumbi moja tu linatosha kuiharibu.

Mkipata pesa

Siku hizi kuna diski zisizo na sahani wala kitu chochote kinachozunguka. Hazingurumi kabisa, na zinafanya kazi haraka zaidi. Kikundi kikiweza, kinunue ndogo, nayo hadidiski ya zamani ikiwa bado nzima itumike kuwekea nakala. Lakini hata hiyo mpya inaweza kufa, tena bila kutoa sauti yoyote ya kuwaonya. Kwa hiyo desturi ya kunakili isiachwe.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kompyuta yetu ikifa leo usiku, kesho tutajuaje nani ana hisa ngapi?
2. Nani ana jukumu la kunakili vitabu, na mara ngapi kwa mwezi?
3. Flashi inawekwa wapi? Je, ni nyumba moja na kompyuta? Nyumba hiyo ikiungua itakuwaje?
4. Ni nani kati yetu anayejua sauti ya kawaida ya kompyuta yetu, ili atambue ikibadilika?

Mkishajadiliana, andikeni majibu kwenye daftari la mkutano, na kila jukumu liwe na jina la mtu. Kisha tafuteni patipati kuukuu na kipande cha tyubu. Hivyo havikosi nyumbani.