Kuchagua Maabara ya Utafiti: Somo kwa Mwanafunzi Atakaye Kuwa Daktari wa Meno

Katika shule za bweni za Mbeya na Iringa hukutana vijana wa mikoa mingi. Aghalabu huwamo mmoja, pengine mzaliwa wa Arumeru mkoani Arusha, ambaye meno yake yana rangi ya kahawia. Wenzake humdhania kuwa hapigi mswaki. Naye hujizoeza kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Ni nadra apatikane wa kuwaambia kwamba rangi ile si uchafu, wala haitoki kwa mswaki, kwa kuwa iliingia katika meno utotoni, kabla hayajachomoza kwenye ufizi.

Mwanafunzi wa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia ambaye huliona jambo hilo na kujiuliza sababu yake amekwisha kuanza utafiti. Linalobaki ni kupata mahali pa kuufanyia. Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kuchagua mahali hapo, hasa kwa kijana wa Nyanda za Juu Kusini mwenye nia ya kusomea udaktari wa meno.

Muda ni mfupi

Nchini Marekani mwanafunzi husoma kwanza chuoni masomo mengine kwa miaka kadhaa, kisha ndipo anapoingia shule ya meno. Katika miaka hiyo anaweza kujaribu maabara hii na ile. Utaratibu wa Tanzania ni tofauti. Mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na kijana huingia katika shahada hiyo moja kwa moja baada ya kidato cha sita. Masomo huchukua miaka mitano, na hufuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

Kwa hiyo nafasi ya kuonja utafiti ni chache: miezi iliyo kati ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa kwa chuo, na likizo ndefu za miaka ya mwanzo. Mtu akipoteza majuma manane katika maabara isiyomfaa, huenda ikapita miaka kabla hajapata mengine manane. Ndiyo sababu uchaguzi huu wastahili kufikiriwa vema.

Swali hutangulia maabara

Kosa la kwanza la vijana wengi ni kutafuta maabara yenye neno "meno" mlangoni. Historia ya sayansi yaonyesha kwamba maswali makubwa ya meno yamejibiwa mara nyingi na watu wasiowahi kushika koleo la kung'olea jino.

Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alihamia mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia kama yale ya kijana wa Arumeru. Alichunguza kwa miaka mingi. Alitambua kwamba chanzo ki katika maji ya kunywa, lakini vipimo vya kawaida vya kemia havikuonyesha kitu. Jibu lilipatikana mwaka 1931, katika maabara ya kampuni ya aluminiamu. Mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji mmoja wa jimbo la Arkansas kwa chombo cha kuchambua mwanga wa elementi, akakuta floraidi kwa kiasi ambacho hakukitazamia. Kisha akapima maji aliyoletewa na McKay, akakuta floraidi humo pia. Swali lililomsumbua daktari wa meno kwa miaka 30 lilitatuliwa na chombo kilichokuwa katika chumba cha mkemia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa chuo cha meno cha Dar es Salaam walikabiliwa na tatizo la vijiji visivyo na umeme. Mashine ya kutobolea jino haikuweza kutumika, kwa hiyo jino lililooza liling'olewa tu. Walijaribu kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono pekee, kisha kuziba tundu kwa saruji inayogandamana na jino. Baadaye saruji ya glasi-ayonoma ndiyo iliyothibitika kufaa. Saruji hiyo ilibuniwa na Alan Wilson na Brian Kent katika maabara ya Mkemia wa Serikali mjini London, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo ya uzibaji kwa mataifa yote. Swali lilitoka vijijini Tanzania. Kifaa kilitoka kwa mkemia.

Funzo ni hili: mwanafunzi na aandike kwanza swali lake kwa sentensi moja. Kisha ajiulize, "Ni kitu gani kitakachopimwa ili swali hili lijibiwe?" Kitu hicho ndicho kitakachomwelekeza maabara.

Maabara zilizopo Mbeya na Iringa

Jino lina tabaka la nje liitwalo enameli, ambalo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfati. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya takriban 5.5, madini hayo huanza kuyeyuka. Katika maelezo haya mafupi yamo maswali ya aina tatu: ya madini, ya viumbe, na ya vifaa.

Maswali ya madini na maji yanahusu maabara za kemia. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Mbeya na Iringa, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda mjini Mbeya. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kina idara ya kemia. Milima ya Rungwe ni ya volkano, na Songwe kuna chemchemi za maji moto. Maji ya namna hiyo mara nyingi hubeba floraidi. Lakini kudhani si kujua: kila chemchemi na kila kisima sharti kipimwe peke yake.

Maswali ya viumbe yanahusu maabara za bakteria na virusi. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kinafahamika kwa utafiti wa kifua kikuu na Ukimwi. Uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa Kyela, ulionyesha kwamba watu wenye vimelea vya matende walipata maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi takriban mara mbili ya wasio na vimelea hivyo. Hapo hapasomwi meno. Hata hivyo, kijana ajifunzaye hapo jinsi kundi la watu linavyofuatiliwa mwaka hadi mwaka atakuwa amejifunza njia ileile itakayomfaa kufuatilia kuoza kwa meno ya watoto.

Maswali ya vifaa, kama vile uimara wa saruji ya kuzibia, yanahusu uhandisi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ni mahali pa kubisha hodi kwa mambo hayo.

Mfano wa kazi: kupima floraidi

Mwanafunzi asiyejua kazi inayofanyika ndani ya maabara hawezi kuichagua kwa haki. Basi na atazame kazi moja kwa ukaribu.

Floraidi ya maji hupimwa kwa elektrodi yenye kioo cha lanthanamu floraidi. Kioo hicho hupitisha ayoni za floraidi peke yake, na hivyo kuzaa volti zinazobadilika kwa kadiri ya wingi wa ayoni hizo. Katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, floraidi ikiongezeka mara 10, usomaji hushuka kwa takriban milivolti 59.

Chukua mfano. Maji ya kulinganishia yenye miligramu 1 kwa lita yamesoma milivolti 100, na yale ya miligramu 10 yamesoma 41. Maji ya kisima yamesoma 70.5, yaani katikati kabisa. Je, yana miligramu 5.5? La. Volti hufuata logarithi, kwa hiyo katikati ya 1 na 10 ni kipeuo cha pili cha 10, yaani takriban miligramu 3.2 kwa lita. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Kisima hicho kimezidi maradufu.

Zipo hadhari tatu. Kwanza, aluminiamu na chuma hushikamana na floraidi na kuificha; ndiyo sababu huongezwa kimiminika cha kuiachilia na kuituliza pH. Pili, maji huchukuliwa kwa chupa safi ya plastiki. Tatu, joto. Asubuhi ya Juni mjini Mbeya, maji yaweza kuwa na nyuzi 15 tu, na hapo tofauti ya mara 10 huwa takriban milivolti 57. Maji ya kisima na ya kulinganishia sharti yawe na joto moja. Anayepuuza jambo hili hutangaza kisima kibaya kuwa kizuri, na watoto watakaokinywea ndio watakaolipa.

Mambo matano ya kuuliza

Mwanafunzi akishapata maabara mbili au tatu zinazoelekea kumfaa, na aandike barua fupi, aombe kuzitembelea, na aulize haya:

1. Nani atamfundisha kila siku? Profesa mwenye jina kubwa asiyeonekana hamfai mwanafunzi kama fundi mwenye subira aliye mezani kila asubuhi.

2. Je, chombo kinafanya kazi? Chombo kilichofunikwa kitambaa kwa kukosa kipuri hakipimi kitu.

3. Je, kazi yaweza kumalizika katika muda uliopo? Afadhali visima 12 vilivyopimwa vizuri kuliko mpango wa wilaya nzima ulioachwa njiani.

4. Usalama ukoje? Palipo na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, mgeni haingii bila mafunzo na ruhusa.

5. Vibali vipo? Kupima maji ya kisima ni jambo moja. Kukusanya mate au kutazama vinywa vya watu ni jingine. Utafiti wa binadamu huhitaji kibali cha maadili, na ridhaa ya mhusika au ya mzazi wake. Kibali huombwa na msimamizi, tena mapema.

Kuna swali la sita ambalo mwanafunzi hujiuliza mwenyewe: je, yu tayari kuosha chupa? Kazi hiyo si dharau. Chupa isiyooshwa vema huharibu kipimo, na aionaye kuwa aibu hajaelewa kipimo ni nini. Lakini ikiwa juma la nne limepita naye hajaruhusiwa kusoma hata namba moja na kuiandika katika daftari lake, basi ana haki ya kuuliza kwa heshima, na akikosa jibu, kutafuta kwingine.

Hitimisho

Kijana wa meno ya kahawia hahitaji kuhurumiwa. Anahitaji wenzake waelewe, na wadogo zake wapate maji mengine. La kwanza mwalimu aweza kulifanya leo darasani. La pili lahitaji mtu wa kupima, na mtu huyo aweza kuwa ameketi katika darasa hilohilo.

Maswali ya zoezi

1. Maji ya kulinganishia ya miligramu 1 na 10 kwa lita yalisoma milivolti 120 na 61. Maji ya kisima yalisoma 102. Tafuta floraidi yake. (Jibu: takriban miligramu 2 kwa lita.) Je, yafaa kunyweshwa watoto?

2. Eleza kwa nini mswaki hauwezi kuondoa rangi iliyoletwa na floraidi.

3. Andika swali moja kuhusu meno katika wilaya yako. Taja kitu cha kupimwa, chombo cha kukipimia, na maabara iliyo karibu unayoweza kuiandikia barua.