MGONJWA HUMPIMA MUUGUZI KWA NINI?

Hebu leo tulichambue neno "muuguzi". Limetokana na kitenzi "kuugua". Kama vile kupungua kunavyozaa kupunguza, kuugua huzaa kuuguza, yaani kumtunza anayeugua. Basi kazi ya muuguzi haiishii kwenye sindano.

Je, mgonjwa hujuaje kwamba anatunzwa vizuri? Yeye hakusomea udaktari, hawezi kuipima dawa. Hupima kwa macho na masikio yake.

Kwanza, salamu. Mzee aliyetoka malishoni akiambiwa "Nabad?" kabla ya kuulizwa kadi, moyo hutulia.

Pili, maelezo. Hapa Garissa wengi huongea Kisomali nyumbani. Dawa ikielezwa haraka haraka kwa lugha asiyoizoea, mgonjwa huitikia "sawa" tu, kumbe hajaelewa kitu.

Tatu, stara. Pazia likivutwa kabla mama hajapimwa, huona ameheshimiwa.

Nne, ahadi. Sista akisema "nakuja", basi aje kweli.

Wengine watasema wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu, salamu za nini? Ni kweli wanachoka. Lakini tutazame mfano wa jirani zetu wa Wajir. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi mingi, na mfugaji akipata nafuu kidogo huziacha akafuata mifugo yake. Ugonjwa hurudi, tena kwa ukali. Mwaka wa 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alisimamia mradi wa kuwatibu wahamaji. Hakuwagombeza. Aliwakaribisha wapige kambi karibu na kituo, mahali palipoitwa TB Manyatta, wakameza dawa kila siku mbele ya mhudumu kwa miezi sita. Tonelli aliuawa huko Borama, Somaliland, mwaka wa 2003, lakini utaratibu wa namna hiyo ulikuwa umeshapendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990.

Tunajifunza nini? Mgonjwa akifokewa leo, kesho haji, na dawa nzuri itabaki kabatini. Utu si nyongeza ya matibabu bali ni sehemu yake.

Kwa hivyo wenzangu mnaotamani uuguzi, someni Biolojia na Kemia, lakini lugha pia msiidharau. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.