Tuyalinde Maua Yetu na Baridi

Huko Njombe na Makete miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Usiku mwingine huanguka jalidi, na asubuhi maua yaliyotunzwa mwaka mzima hukutwa yamelegea na kuwa meusi. Sababu ni kwamba maji yaliyomo kwenye majani huganda, na barafu huharibu seli zake.

Tufanye nini? Tunaweza kujenga kitalu nyumba uani:

1. Tuchague mahali penye jua. Miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ubavu mrefu uelekee huko.

2. Tusimamishe fremu ya mianzi, mita 3 kwa 2, tuifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga. Kingo za chini tuzifukie udongoni.

3. Ndani tupange madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi. Mchana hupokea joto la jua, usiku hulitoa polepole.

4. Jua likiwa kali tufungue mlango, maua yasiungue wala kuota ukungu. Alasiri tufunge mapema ili joto libaki.

Tahadhari! Tusiwashe jiko la mkaa ndani ya kitalu kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Ua likifa tutapanda jingine, lakini mwenzetu hatutampata tena.

Zoezi: Kwa nini madumu hupakwa rangi nyeusi, si nyeupe?