Maharagwe ya Mbooni na Joto la Kibwezi

Mkulima wa Kibwezi anayepanda rosekoko aliyoletewa na jamaa zake wa Mbooni huenda akavuna majani matupu. Milima ya Mbooni ina baridi na mvua ya kutosha, na rosekoko huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Kibwezi, joto hudondosha maua, na mvua hukatika kabla maganda hayajajaa. Kwa maeneo kama hayo, watafiti wa Katumani, Machakos, walizalisha KAT B1, inayostahimili joto na kukomaa kwa siku 60 hadi 65. Hata hivyo, ikichelewa kupandwa, faida hiyo hupotea. Mkulima mwenye shaka apande mistari michache ya kila aina katika shamba lile lile, msimu huu wa vuli, kisha alinganishe.